Tupeane uzoefu: alama za ajabu kwenye miguu ya mwenye kisukari

Habari zenu ndugu zangu. Namuuguza baba, ana kisukari cha miaka mingi, na kila jioni namkagua miguu. Juzi ameamka na lengelenge kubwa ukingoni mwa unyayo, limejaa maji maangavu, ngozi ya pembeni iko sawa kabisa, na haumwi hata kidogo. Hajaungua, wala hajabanwa na kiatu. Daktari akasema kuna malengelenge ya kisukari yanayozuka yenyewe, na mengi hupona ndani ya wiki 2 hadi 6 yasipoingiwa na vijidudu. Hata hivyo likitokea lionwe hospitali, kwa sababu kwa macho unaweza kulichanganya na la kuungua. Tusilitumbue nyumbani.

Naomba tukusanye hapa tuliyokutana nayo: lilionekanaje, lilikaa wapi, ikajulikanaje ni nini.

Mzee wa Insulini
Mimi nina mabaka ya kahawia kwenye miundi, madogo, yamebonyea kidogo. Hayawashi wala hayaumi. Niliambiwa ni ya kisukari na hayahitaji dawa. Nipo nayo tu.

Nesi wa Miguu
Asante kwa uzi huu. Mimi nipo kliniki ya miguu, na kinachonitia hofu kuliko lengelenge ni sugu. Watu huipuuza kwa kuwa ni ngozi ngumu tu. Ukiona sugu ina kivuli cheusi au chekundu katikati, hiyo ni damu iliyovilia, na chini yake huenda kidonda kimeshaanza. Mama mmoja alikuja kukatwa kucha. Nikageuza unyayo, nikaona doa kama la wino chini ya kidole gumba. Tulipoichonga ile sugu taratibu, usaha ukatoka. Alikuwa ameingia kwa miguu yake, anatembea vizuri, kwa sababu unyayo umekufa ganzi.

Ganzi mnaweza kuichunguza nyumbani. Mgonjwa afumbe macho, umguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, sekunde 1 au 2: kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, miguu yote miwili. Usibonyeze. Asipohisi sehemu 2 au zaidi kati ya hizo 6, mpelekeni akapimwe vizuri. Na nawasihi, zile dawa za asidi za kuondoa sugu msimpake mwenye kisukari. Zinachoma hadi ngozi yenye afya.

Mama Mapacha
Kwa mume wangu hakukuwa na kidonda chochote. Mguu mmoja ulivimba, ngozi ikang'aa na rangi ikakolea. Sisi weusi wekundu hauonekani kirahisi, kilichonishtua ni joto: nikiweka viganja miguu yote miwili, mmoja unachemka. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Daktari hakuridhika, akaagiza MRI, ikaonekana mifupa ya mguu imeanza kuharibika. Wanauita mguu wa Charcot. Alifungwa plasta na kukatazwa kuukanyagia.

Kaka Mtu
Kaka yangu alikuwa na kidonda kisiginoni, kila mtu anakiita kidonda cha sukari. Sukari ikashuka vizuri, kinasafishwa, damu inafika mguuni, na bado hakifungi. Ukingo mmoja ulikuwa na weusi usio sawa, unatambaa kwenye ngozi yenye afya. Daktari wa ngozi akakata kipande kikapimwe maabara: melanoma, saratani ya ngozi. Aina hii ya melanoma hukaa kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na haihitaji jua. Ndiyo hiyo iliyoanzia kwenye kidole cha mguu cha Bob Marley, ikagundulika mwaka 1977, akafariki mwaka 1981. Kidonda kikigoma huku kila kitu kinafanyika sawasawa, ulizeni kuhusu kipimo hicho. Msione haya.

Mwanzisha uzi
Kaka Mtu, pole sana, na asante. Nimeanza kupiga picha za miguu ya baba nikiweka rula pembeni, ili daktari aone kama kitu kinakua. Dada Nesi, kati ya vidole vyake kuna weupe, ngozi imelowana na kupasuka. Nipake mafuta?

Nesi wa Miguu
Hapana, mafuta ni ya unyayo na kisigino tu. Kati ya vidole pafutwe pakauke kabisa. Huo weupe unafanana na fangasi, na bakteria hupenya kwenye nyufa hizo. Mpeleke wiki hii apate dawa, na umwonyeshe daktari hizo picha zako.