Magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba: nachanganyaje, na dozi inayofuata nampa au simpi?

Mkunga mtarajiwa
Shikamooni wakubwa wa fani. Nina mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga wiki tatu zijazo na kuna swali nakosa kila nikilirudia. Mama ana mimba ya wiki 36, kaletwa leba anadegedeka, presha 170/110, dokta kaagiza magnesiamu gramu 4 ya mshipa ya asilimia 20, ila kabatini kuna ampulu za asilimia 50 tu, zile za mililita 10. Mimi nikavuta ampulu nzima nikaongeza maji 10, nimekosa. Sehemu ya pili ndo imenivuruga zaidi: masaa manne baadaye anapumua mara 18 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, mkojo kwenye mfuko mililita 70, je utampa dozi inayofuata? Nikasema nampa, nimekosa tena. Naombeni mnieleweshe, msinipe jibu tu maana namba wanabadilisha.

Sista wa leba
Marahaba mdogo wangu. Asilimia 50 maana yake mililita 100 zina gramu 50, kwa hiyo mililita moja ina nusu gramu, unataka gramu 4 basi vuta mililita 8. Asilimia 20, gramu 4 zinatakiwa zikae kwenye mililita 20, una 8 tayari ongeza maji ya sindano 12. Wewe ulivyofanya umempa gramu 5 ya asilimia 25, dozi imezidi na nguvu imezidi. Sukuma taratibu, dakika 5 mpaka 20, na kama mama ana fahamu mwambie mapema atasikia joto mwili mzima ili asishtuke. Halafu zinafuata gramu 10 za msuli, 5 kila tako, hiyo ya asilimia 50 huongezi maji, unaweka dawa ya ganzi, lignokeini ya asilimia 2, mililita moja kwenye kila sirinji maana inauma jamani, inauma kweli.

Kaka wa wodi ya wazazi
Mimi naongezea hapo kwenye mkojo maana ndo wengi wanapoanguka. Tunataka angalau mililita 30 kwa saa, masaa manne ni 120, huyo ana 70, dozi inasubiri na dokta anaitwa. Dawa hii inatolewa na figo, mkojo ukipungua inabaki kwenye damu inajaa, na ikijaa kinachoanza kupotea ni goti, halafu kupumua, halafu moyo. Kwa hiyo goti kuruka sasa hivi haimaanishi litaruka baada ya kumwongezea gramu 5 nyingine.

Nimeshapokea zamu usiku chati imeandikwa "mkojo unatoka", namba hakuna. Nikamwaga mfuko kwenye jagi, 60 tu tangu saa kumi jioni. Nikagonga goti la kulia kimya, la kushoto kimya, nikamhesabia pumzi dakika nzima nikapata 14. Dozi hatukutoa, dokta akaja, kalsiamu glukoneti gramu 1 tukaivuta kabisa tukaiweka pembeni ya kitanda, hiyo ndo inayozima magnesiamu kupumua kukisimama. Mama akaamka salama asubuhi, ila mpaka leo siandiki "unatoka", naandika namba.

Mkunga mtarajiwa
Asanteni sana, nilikuwa nayachukulia yale matatu, kupumua, goti na mkojo, kama kura, mawili yakikubali basi. Kumbe moja tu likikataa unasimama. Na akidegedeka tena baada ya ile dozi ya kwanza?

Sista wa leba
Zikipita dakika 15 na bado anadegedeka unampa gramu 2 ya mshipa, asilimia 20 ileile. Haya nipigie hesabu hapa.

Mkunga mtarajiwa
Navuta 4, maji 6, jumla 10.

Sista wa leba
Sawasawa. Na zile gramu 5 za msuli kila masaa manne, unabadilisha tako, mpaka yatimie masaa 24 tangu ajifungue au tangu degedege la mwisho, unahesabu kuanzia lililokuja baadaye. Hapo nako wanapenda kuuliza.