MREJESHO: Mjomba aliyeanguka, kumbe si kifafa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu mjomba wangu, mgonjwa wa kisukari, aliyeanguka jikoni akakakamaa na kurusha viungo. Bibi alishasema ni kifafa, aitwe mganga. Na yule aliyenishauri nimtie kijiko mdomoni, samahani, sikukufuata. Nilimlaza ubavu tu.

Tulifika mapokezi ya hospitali bado anatetemeka, dakika tano zimeshapita. Mmoja alimwekea oksijeni, mwingine akavuta diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, kwenye bomba, nesi akamtoboa kidole. Sukari 1.7, yaani imeshuka mno! Glukosi ikaingia mshipani, na kabla ya sindano ya pili mtetemeko ukakata. Daktari akasema kila anayeletwa na degedege hupimwa sukari hapohapo. Ukimtuliza kwa dawa pekee, ubongo unaendelea kufa njaa.

Kumbe alijidunga insulini, dawa ya kushusha sukari, alfajiri akaenda shamba bila kula. Mzee mbishi huyu! Malaria hakuna, siti skani (picha ya kichwa) safi. Kalazwa siku mbili, sukari ikipimwa kila saa mwanzoni. Dawa ya kifafa hakuandikiwa, dozi ya insulini imepunguzwa, na sasa anatembea na pipi mfukoni. Bibi ndiye mkaguzi.