Kihariri kimefuta historia yote ya msimbo wangu bila kuniuliza, na watengenezaji wananilaumu mimi

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaificha.

Alhamisi saa kumi na moja jioni, nikiwa katikati ya kuandika programu ya kukokotoa marejesho ya mikopo ya chama kimoja cha akiba na mikopo, kihariri (programu ya kuandikia msimbo) ninachokilipia kila mwezi kiliganda, kikagandisha kompyuta nzima, nikalazimika kuizima kwa kitufe. Nilipoiwasha, faili la riba lilikuwa pale pale, na ukubwa wake ule ule wa kilobaiti 38, lakini ndani hamkuwa na herufi hata moja: sifuri tupu, kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho. Hali hii hutokea pale mfumo unapokuwa umekwisha kuandika ukubwa wa faili, ilhali yaliyomo bado yanasubiri kupelekwa diskini. Kihariri kilikuwa kimekwisha kuniandikia "Imehifadhiwa".

Hilo ningelivumilia, kwa kuwa kihariri hiki kinanadiwa kwamba kinatunza historia ya kila badiliko. Kisichovumilika ni kwamba kilipofunguka upya kilikuta kumbukumbu hiyo ina hitilafu, kikaifuta yote na kuanza nyingine, bila kuniuliza wala kuweka nakala kando. Matoleo ya wiki tatu yamekwenda hivyo. Nilipowaandikia watengenezaji, walinijibu kwamba nilipaswa kutumia Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Ninatumia Git! Sikuwa nimekomiti (yaani kuweka rasmi toleo jipya ndani ya Git) tangu asubuhi kwa sababu kazi ilikuwa haijakamilika, na hicho ndicho kipindi ambacho historia yao iliahidi kukilinda.

Kilichoniokoa, tena kwa sehemu tu, ni kwamba mchana nilikuwa nimetoa mara mbili amri ya git add, ya kuandaa mafaili kwa ajili ya kukomiti. Git huhifadhi yaliyomo kwenye faili papo hapo amri hiyo inapotolewa, hata kabla ya kukomiti. Faili la .git/index, lenye orodha ya mafaili yaliyoandaliwa, nalo lilikuwa limeharibika, nikaliondoa, kisha git fsck --lost-found, amri ya kutafuta vipande vilivyopotea, ikaniletea vipande 17 ndani ya .git/lost-found/other, vyote bila majina ya mafaili, ila mfululizo wa herufi na tarakimu 40. Nilivifungua kimoja kimoja hadi saa nane usiku, nikitafuta mstari wenye neno "riba". Aliyepatwa na haya asithubutu kuendesha git gc --prune=now, amri ya kusafisha hifadhi ya Git, kabla hajamaliza kutafuta, maana vipande vya aina hiyo vilivyomo kwenye hifadhi hiyo vitafutwa hapo hapo.

Ninachodai si kikubwa: historia iliyoharibika iwekwe kando badala ya kufutwa, na neno "Imehifadhiwa" lisionekane kabla yaliyomo hayajafika diskini. Sehemu ya adhabu za kuchelewesha marejesho, niliyoiandika baada ya git add ya mwisho, sijaipata mpaka sasa, na mteja anaitaka Jumatatu asubuhi.