Naomba ushauri: kipaimara na masomo ya ziada vimegongana Jumamosi

Shalom wapendwa. Binti yangu yuko darasa la saba, mtihani wa taifa ni Septemba. Yuko pia mwaka wa pili wa mafundisho ya kipaimara (ya kumwandaa kubarikiwa kanisani), sisi ni Walutheri. Shule imeweka masomo ya ziada Jumamosi asubuhi, saa zilezile za mafundisho, na mwinjilisti anasema mahudhurio yakipungua habarikiwi. Baba yake anataka aahirishe kipaimara. Mama mkwe ndiyo kwanza anaulizia gauni jeupe na ukumbi (siku hizi kipaimara ni harusi ndogo!). Mtoto mwenyewe Amri Kumi na maelezo yake anazitiririsha, hesabu ndiyo zinamsumbua. Waliopitia hili, mchungaji anakubali afundishwe Jumapili baada ya ibada? Nianzie kwake au kwa mzee wa kanisa?