MJADALA: Mwalimu wa praimari awe na digrii, ama diploma yatosha?

Mwana wa Likoni
Mpwa wangu kapata C+ mtihani wa kidato cha nne na ametia nia kufunza watoto wadogo, yani praimari, sekondari haitaki hata kuisikia. Babake asema na hiyo C+ aende yunivasiti achukue digrii miaka 4, mamake asema aingie hapa chuo cha ualimu Shanzu diploma miaka 3 amalize atafute namba ya TSC, tume ya kuajiri walimu. Nikajiuliza, mbona serikali isiseme tu hakuna kuingia darasani bila digrii? Daktari wa mbuzi yuwasoma miaka 5, anayemfunza mwanangu kushika penseli yuwasoma 3. Semeni.

Baba Zuhra
Iwe lazima. Finland mwalimu wa darasa la kwanza ana mastazi. Sisi Kenya tulikuwa na P1, cheti cha ualimu wa praimari cha miaka 2, mpaka juzi 2021 ndio diploma ikaanza. Matokeo ndio haya: mwanangu aliandika kwa insha "mama alileta kitoweo kutoka sokoni", mwalimu akapiga mstari kwa peni nyekundu, juu yake akaandika MBOGA. Na sentensi inayofuata mtoto amesema ni changu! Samaki mzima na macho yake aitwa mboga. Hao ndio P1 wenu.

Ticha Kisauni
Baba Zuhra hao P1 "wetu" ndio waliokufunza kuandika hilo tusi. Mie ni P1 miaka 17, darasa langu lina watoto 83, madaftari nasahihisha kwa matatu taa zikiwa kijani na nyekundu. Na digrii ninayo!! Niliisoma likizo, Aprili, Agosti, Disemba, wenzangu wanaenda arusini mie niko lekcha, nikakopa sako. Nimehitimu, gredi ileile, mshahara uleule, mkopo ndio uliopanda cheo. Sasa mwambie huyo mpwa digrii itamsaidia nini.

Mgeni Wenu
Mimi nauliza tu, kwani mboga iko na shida gani? Kwetu bara chochote kinachoshukisha ugali ni mboga, hata nyama. Nimeishi Changamwe miaka 20 na bado mnanisahihisha nikinunua nyanya. Wapwani mnadhani Kiswahili mmekifungia kwa kabati.

Ummu Ilham
Hatujakifungia, hujabisha hodi tu 😂 Mboga ni mchicha, mnavu, kisamvu. Kitoweo ni samaki, nyama, kuku. Ukija kwangu nikakwambia leo kuna mboga usitarajie kuku.

Mgeni Wenu
Sawa mwalimu mkuu. Lakini mnalia mnafunzwa na watu wa bara na watoto wenu hamuwapeleki ualimu. Wote mwataka bandari ama Ghuba.

Ummu Ilham
Hapo umenikosea adabu. Dadangu ni mwalimu, ile delokalaizesheni ya 2018, ya kuhamisha walimu mbali na kwao, ilimtoa hapa ikampeleka mbali kaacha mtoto wa miaka 2 na bibi yake. Hatuwapeleki? Tunawapeleka wanapelekwa!

Baba Zuhra
Mie sikusema bara wala pwani, nimesema DIGRII. Mtu aliyesoma angejua neno moja lina kwao zaidi ya kumoja, angemuuliza mtoto kabla ya kukata.

Bwana Chaki
Niko JSS, yani sekondari ya chini, tumepachikwa humohumo shule za msingi toka 2023, kwa hivyo mie ndio hiyo digrii mnayoililia. Nimesomea Historia na CRE, somo la dini ya Kikristo. Juzi mwenzangu wa grade 1 hakuja nikaambiwa nishike darasa. Wallahi nimesimama na chaki, nikaandika m, nikasema "hii ni m", watoto wakasema "hii ni m", basi. Somo limeisha dakika 1 zimebaki 29. Mmoja analia, mmoja ametoa jino ananionyesha. Akaja mama mmoja P1 wa darasa la pili, akawaambia wafumbe midomo walie kama ng'ombe, mmmm, halafu ongeza a, ma, dakika kumi wanasoma mama. Miaka 4 yunivasiti hakuna aliyenifunza ng'ombe. Tena nilianza kwa intani ya elfu 20, kwa hivyo msinionee wivu.

Ticha Kisauni
Asante sana Bwana Chaki, Mungu akuweke. Hapo ndipo penyewe, digrii nyingi za ualimu ni za masomo mawili ya sekondari, huyo mtoto wa C+ akikosea kujaza atajikuta anafunza kemia. Kama ni digrii aangalie iandikwe elimu ya msingi. Na Baba Zuhra, mie ningemwachia mtoto kitoweo chake.

Baba Zuhra
Angalau. Ila "hao P1 wenu" nimeiondoa, hasira za samaki.

Mgeni Wenu
Kwa hivyo mboga imeshindwa?

Ummu Ilham
Imeshindwa toka asubuhi.

Mwana wa Likoni
Jamani. Mpwa yuko hapa ameshika simu ya mamake, anauliza ajaze Shanzu ama yunivasiti.

Mgeni Wenu
Ngoja kwanza. Maharagwe ya nazi je, hayo ni mboga ama kitoweo?

Ummu Ilham
Wewe leo utalala njaa.