Ulinganisho: Journe ya mtambo wa shaba, Daniel Roth ya awali, au Simplicity ya Dufour?

Akrabu (mwanzilishi wa mada)

Habari zenu, ndugu wanachama. Naomba tulinganishe saa tatu za mkono ambazo zimenikaa moyoni kwa muda mrefu, zote za mafundi huru waliosimama kwa majina yao wenyewe baada ya saa za betri kuutikisa vibaya utengenezaji wa saa wa Uswisi katika miaka ya 1970. Ya kwanza ni F.P. Journe ya kati ya mwaka 1999 na 2004, yenye mtambo wa shaba ya njano. Ya pili ni Daniel Roth ya kabla ya mwaka 2000, mwaka ambao jina lake lilinunuliwa na kampuni ya vito ya Bulgari. Ya tatu ni Simplicity ya Philippe Dufour, iliyotokea mwaka 2000 na ambayo idadi yake inazidi 200 kidogo tu.

Moyo wangu umeelekea kwa Journe. Huyu ni mtu wa Marseille aliyejifunza kazi kwa kukarabati saa za kale katika karakana ya mjomba wake Paris, na alipotaka kuuza saa zenye jina lake aliwaomba watu 20 walipe kabla saa hazijatengenezwa, jambo ambalo fundi wa saa Abraham-Louis Breguet alilifanya Paris karne mbili kabla yake. Kwa fedha hizo zikapatikana saa 20 za kwanza za turbiyoni, yaani saa ambazo gurudumu la mizani, lile linalopima mwendo wa saa, limewekwa ndani ya kizimba kidogo kinachozunguka ili mvuto wa ardhi usiielemeze upande mmoja. Ndani yake aliongeza springi ndogo ya pili inayojazwa tena na tena na kamani kubwa, ili nguvu inayofika kwenye mizani iwe ileile kamani inapokuwa imejaa na inapokaribia kwisha.

Mwaka 2000 akatoa Chronomètre à Résonance, yenye magurudumu mawili ya mizani yaliyokaa karibu kiasi kwamba mtikisiko wa moja hulifikia jingine, hadi yote mawili yakaenda kwa mwendo mmoja. Baadaye, kuanzia mwaka 2004, mitambo yake ilihamia kwenye dhahabu ya karati 18. Dhahabu ni nzuri, lakini mimi naitamani ile ya shaba, kwa sababu ilitengenezwa wakati ambapo hakuna aliyejua kama jaribio hilo lingefaulu. Je, mnaonaje?

Fundi_wa_Mombasa

Salamu, ndugu Akrabu. Umesema vizuri kuhusu shaba, nami naongeza kwamba shaba ya njano imetumika kwenye mitambo ya saa kwa karne nyingi kwa sababu inachongeka vizuri, haivutwi na sumaku wala haili kutu kama chuma. Kwa hiyo anayedhani kwamba mtambo wa dhahabu unakwenda vizuri zaidi kwa sababu ni wa dhahabu, anakosea.

Hata hivyo, mimi ningechagua Daniel Roth. Kabla ya kufungua karakana yake katika kijiji cha Le Sentier, Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1980, Roth ndiye aliyepewa kazi ya kuifufua kampuni ya Breguet, akajenga upya sura ya saa zile tunayoijua leo. Alipoondoka, hakuitupa elimu ile. Aliiweka ndani ya kasha la umbo lake mwenyewe, ambalo si duara wala mstatili, na ambalo mtu hulitambua akiwa upande wa pili wa chumba. Katika turbiyoni yake, mshale wa sekunde una mikono mitatu ya urefu tofauti, na kila mkono unasoma safu yake ya sekunde 20 kwenye nusu duara ya chini, kisha unampisha mwenzake. Nimeitazama picha ya mpangilio huo mara nyingi na bado sijaichoka.

Kuna jambo jingine linalonigusa kama fundi. Saa za mwanzo za Roth zenye kipima muda hutumia mtambo wa Lemania, kiwanda cha mitambo cha Uswisi, wa ukoo uleule uliozaa mtambo wa Omega Speedmaster za zamani, ambazo nimezifungua na kuzisafisha kwa mikono yangu. Wengine huhesabu jambo hilo kuwa kasoro, kwamba fundi huru hakuanza na chuma kitupu. Kwangu, ni uhakika kwamba saa hiyo itapata wa kuihudumia hata miaka 50 ijayo.

Binti_Maskati

Shikamoo, mzee Fundi. Kaka Akrabu, hujambo. Mimi nimeishika Simplicity mara moja tu, katika maonyesho ya Dubai Watch Week, ambako mkusanyaji mmoja alikuwa na ukarimu wa kuwapa wageni lenzi watazame nyuma ya saa yake.

Kwa mbele haina mengi: saa, dakika na sekunde. Ukiigeuza ndipo unapoelewa. Kingo za madaraja ya mtambo, yaani vibao vinavyoshikilia magurudumu, zimekatwa mshazari na kung'arishwa kwa kijiti cha mmea wa jentiana unaoota milimani, na pale kingo mbili zinapokutana kwa ndani kuna pembe kali ambayo mashine inayozunguka haiwezi kuifikia. Ukiisogeza saa kidogo, mwanga hukimbia juu ya kingo zile kama maji.

Kumbukeni pia historia yake. Katika miaka ya 1980 Dufour alitengeneza saa tano za mfukoni zinazogonga saa na robo, akaziuza kwa kampuni ya Audemars Piguet, na jina la usoni halikuwa lake. Mwaka 1992 akalifanya jambo hilohilo ndani ya saa ya mkono, safari hii kwa jina lake, kazi ambayo ni ngumu mara nyingi zaidi kwa sababu ya udogo. Mwaka 2021, ile ya kwanza iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 4. Bei hiyo hainivutii sana. Kinachonivutia ni kwamba mtu aliyekwisha kuufikia ugumu ule aliamua, miaka minane baadaye, kutengeneza saa yenye mambo machache kuliko zote na kuupeleka uwezo wake wote kwenye usafi wa kazi.

Kamani_78

Naomba kuongeza jina la nne, Roger Dubuis, hasa saa za Hommage na Sympathie alizoanza kuzitoa mwaka 1995, nyingi zikiwa katika mafungu ya saa 28 na zenye muhuri wa Geneva, alama ya ubora wa kazi. Ni kazi safi, na kwa muda mrefu hazikutazamwa sana.

Ila nina onyo linalotokana na maumivu yangu. Nilinunua Hommage moja kwa kutazama picha tu, kwa muuzaji aliyeniapia kwamba haijaguswa. Ilipofika, kasha lilikuwa limesuguliwa hadi kingo za miguu inayoshika mkanda zikawa duara, na hasara hiyo hairudishwi.

Akrabu

Ahsanteni nyote. Binti Maskati, umenieleza Simplicity kwa namna ambayo hakuna makala iliyowahi kunieleza, lakini nikiwa mkweli, fedha niliyoweka kwa miaka mingi haifiki hapo, na Journe ya shaba nayo imepanda mbali. Daniel Roth yenye kipima muda bado naweza kuifikia nikivumilia. Mzee Fundi, nitazame nini ili yasinipate ya Kamani?

Fundi_wa_Mombasa

Omba picha za pembeni, si za mbele pekee. Tazama mihuri ya kuthibitisha dhahabu iliyopigwa kwenye kasha: ikiwa imefifia, jua kuna tabaka limeondolewa. Tazama matundu ya pini za mkanda, yawe na ukingo mkali. Usoni, mistari iliyochongwa iwe na kina sawa kila mahali, kwa maana anayesafisha bila kujua huifuta kwanza katikati, pale akrabu zinapoungana. Mwisho, omba video ya mtambo ukienda, kisha uniletee niitazame kabla hujalipa.