Mrejesho: Nile kwa dahabiya, Esna hadi Aswan

Wakuu, niliuliza nimpeleke mama Misri kwa meli kubwa ya watalii au dahabiya, jahazi la matanga mawili. Mlisema dahabiya. Asanteni sana!

Nile inatiririka kwenda kaskazini, lakini upepo huvuma kutoka hukohuko, basi tulipanda mto kwa tanga, polepole, tukisikia maji tu. Hekalu la Horus, mungu wa Wamisri wa kale, pale Edfu, lililoanza kujengwa mwaka 237 KK, bado limesimama na kuta zake. Lakini kilichomgusa mama ni Gebel el-Silsila, machimbo ya mawe yaliyojengea mahekalu: alama za patasi zingali wazi ukutani. Alizitazama, akanyamaza kitambo kirefu.

Kom Ombo, penye hekalu jingine la kale, palijaa watu. Mwenye mzazi mzee amshike mkono kwenye ubao wa kushukia.